Mhispania Wetu Alifika Wamaza kwa Kuchelewa

Mjomba wangu aliapa mbele ya watu, mpira ukiwa kwapani: siku yule Mhispania atakapoacha kucheza, na yeye ataacha siku hiyohiyo. Aliapa kwenye uwanja wa Wamaza miaka mingi iliyopita, baada ya mkewe kumkanda goti kwa maji ya moto na kumwambia kwamba wanaume wa umri wake wanakaa barazani. Watu walicheka. Kilikuwa kiapo chepesi, kwa sababu wakati huo Mhispania alikuwa kijana mwenye nywele nyingi, na nani angefikiri kwamba mtu wa ndani ya televisheni naye anazeeka?

Mimi nilikuwa msichana wa shule, na ndimi niliyekuwa nikimleta Mhispania Wamaza.

Baba yangu ana duka Kasongo, hatua chache kutoka msikitini. Anauza sabuni, betri, nyuzi za kushonea, na zamani zile aliuza pia CD za mechi. Dishi lilikaa juu ya bati letu kama sinia lililosahaulika, na mechi za Ulaya ziliingia humo, baba akazinasa, akaziandika majina kwa kalamu ya wino mzito. Mama yangu ni mtoto wa Wamaza. Kila likizo nilipandishwa nyuma ya pikipiki kwenda kwa kaka yake, na CD zangu nilizifunga ndani ya kitenge katikati ya nguo, zisivunjwe na mashimo ya barabara. Mjomba alinipokea kwenye daraja la mwisho la magogo. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo yeye, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliniita mama.

“Mama, umeleta?”

“Nimeleta.”

“Usiseme kitu! Funga kinywa!”

Hiyo ilikuwa sheria ya Wamaza. Mechi ilifika kwetu ikiwa imekwisha kuchezwa zamani, wakati mwingine majuma, wakati mwingine miezi, lakini hakuna mtu aliyeruhusiwa kusema matokeo kabla CD haijaingia kwenye mashine. Na CD ikifika ionyeshwe siku hiyohiyo, isilale. Dereva mmoja wa pikipiki aliwahi kupiga kelele za matokeo akiwa bado hajazima injini. Wanawake walimpa madumu, akawachotea maji ya kijito hadi jua likazama, watu wakimsindikiza kwa nyimbo. Tangu hapo wasafiri waliingia kijijini midomo imebanwa kama wanaobeba maji mdomoni. CD ikitoka Wamaza ilirudi Kasongo, kisha ikaenda Nyangwe kwa mama yangu mkubwa, na huko mtoni nako sheria ilikuwa ileile.

Mhispania hakuwa nyota. CD ya kwanza baba aliinasa kwa ajili ya mshambuliaji ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila fulana ya sokoni Kasongo. Katika nyumba ya sinema ya kijijini, turubai jeusi limefunga madirisha na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, watu wote walimtazama mshambuliaji huyo. Mjomba peke yake alimtazama mtu mwembamba wa katikati, aliyeinamisha mabega kama aliyeangusha ufunguo nyasini.

“Ule pale,” alisema. “Munamuona? Hakimbii. Anatembea tu.”

“Basi ni muvivu,” sauti ikajibu kutoka nyuma.

“Muvivu ni weye. Tazama shingo yake.”

Tukatazama shingo. Kabla mpira haujamfikia, yule mtu aligeuza kichwa, akachungulia nyuma ya bega la kulia, kisha la kushoto, upesi, kama kuku anayekunywa maji huku anaogopa mwewe. Mpira ulipofika alikuwa amekwisha kujua kila mtu alipo. Pasi ilitoka mguu wa kushoto, fupi, ya kawaida, hata haikupigiwa makofi. Lakini baada yake uwanja mzima ulifunguka kama mlango uliosukumwa kwa kidole kimoja.

Mjomba aliomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena, mpaka wenye kupenda magoli wakaanza kumzomea.

Kesho yake asubuhi aliita timu uwanjani kabla ya watu kwenda mashambani, na akawafundisha kitu kimoja tu: tazama nyuma kabla ya mpira. Mpira wenyewe hakuwapa. Walizunguka uwanjani mikono mitupu, wakigeuza shingo kulia na kushoto, na wanawake waliotoka kijitoni wakiwa na mabeseni kichwani walisimama kushangaa.

“Wanaume wa Wamaza wamepata ugonjwa wa shingo!” mmoja alisema.

“Ni deni,” mwingine akajibu. “Wanaangalia kama mwenye deni anakuja.”

Basi tukaanza kuishi na maisha ya yule mtu. Tulimwona akiwa kijana kwenye timu kubwa, akiingizwa dakika za mwisho. Tulimwona akipata nafasi, akibeba kombe pembeni kabisa ya picha, nusu ya uso wake imekatwa na ukingo wa televisheni. Tulimwona akiuzwa kwenye timu nyingine, na hapo nikapata kazi yangu ya kwanza. Zamani mtangazaji alisema Kifaransa, nami nilisimama kando ya televisheni nikiwatafsiria watu. Timu mpya ilikuja na mtangazaji wa Kihispania. Sikujua hata salamu ya lugha ile, na watu wote walijua kwamba sijui.

“Endelea tu, mama,” mjomba alisema.

“Niendelee namna gani? Sielewi hata neno.”

“Weye sema. Ule mutu anaongea sana, hawezi kuwa anaongea bure.”

Nikasema. Nilisema kwamba mtangazaji anaeleza jinsi kiungo wetu alivyoamka asubuhi, mama yake akampikia maharagwe, naye akala amesimama kwa sababu amechelewa. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nilisema ana mbuzi mmoja nyumbani, jike, jeupe, na mbuzi huyo tangu jana hajala majani. Nyumba nzima ikasikitika. Tangu siku ile hakuna mechi iliyopita bila mtu kuuliza habari za mbuzi. Mhispania akikosa pasi, waliniuliza kama mbuzi amezidiwa. Akicheza vizuri, walijua amekula. Wazee walinisahihisha nilipompa mbuzi dawa isiyofaa. Siku hizi ninaandika vitabu, na sijapata tena wasomaji kama wale, wanaojua kwamba unatunga na wanaokasirika ukitunga vibaya.

Kisha likaja jambo la mguu, na hili lazima nilieleze taratibu.

Mhispania alivunjika mguu. Baba alinasa mechi hiyo, lakini CD ikasahaulika chini ya maboksi ya sabuni. Aliyoniwekea kwenye mzigo ilikuwa mechi ya baadaye, Mhispania amepona na amerudi uwanjani. Wamaza waliiona hiyo, wakaona mtangazaji anapiga kelele na uwanja mzima unasimama kumshangilia mtu wetu anapoingia, na hawakujua sababu. Mimi nilieleza kwamba mbuzi amezaa mapacha. Tulishangilia sana.

Likizo iliyofuata nikaleta CD ya mguu. Alianguka, akashika mguu, na machela ikaja mbio. Wanawake walipiga mayowe. Mjomba alitoka nje akaegemea ukuta. Jumapili katekista alimwombea kanisani, na Ijumaa iliyofuata, kwenye msikiti mdogo wa wafanyabiashara, imamu naye alimwombea. Ni mzee mmoja, aliyekuwa akimenya karanga, aliyeuliza kwa upole:

“Lakini huyu tulikwisha kumuona amepona. Sasa tunamuombea nini?”

Mabishano yalichukua siku nzima. Wengine walisema CD zimepishana njiani, basi. Lakini wengi waliona kwamba mambo ya Wamaza yana mpangilio wake: kwetu alipona kwanza, ndipo akavunjika, na maombi yetu yalikuwa yamesikilizwa kabla hatujayasema. Mpaka leo ukifika pale ukauliza, utaambiwa hivyohivyo, na atakayekuambia hatacheka.

Miaka ikaenda. CD zikafa, zikaja flashi. Simu zikaingia, na mtandao ukapatikana juu ya kilima karibu na shule, mahali ambapo vijana wa Wamaza sasa husimama jioni wamenyanyua mikono kama wanaochuma matunda. Mimi nilihamia Bukavu, nikaandika vitabu, nikajifunza kukaa kwenye mikutano ya waandishi ambako watu hubishana kuhusu riwaya na hakuna anayeuliza habari za mbuzi. Mhispania alipungua nywele. Timu kubwa ikamwachia, akaenda ya kati, kisha akarudi kwenye timu ndogo ya mji alikozaliwa, karibu na bahari, daraja la pili, uwanja wenye viti vitupu na mvua. Baba aliendelea kuzinasa mechi hizo kwa ajili ya mtu mmoja tu ulimwenguni.

Na mtu huyo aliendelea kucheza. Mvi zilikuwa zimeingia kwenye ndevu za mjomba, goti lilikuwa likilia kama mlango wa stoo, lakini kila Jumapili alisimama katikati ya uwanja, namba nane ya Mhispania imechorwa mgongoni mwa fulana kwa kalamu ileile ya baba, akigeuza shingo kulia, kushoto, na kutoa pasi fupi. Vijana waliokuwa wakisubiri nafasi yake walioa, wakapata watoto.

Mwaka huu nilirudi Kasongo kupumzika. Baba alinipa flashi, akanitazama juu ya miwani.

“Hii ni ya mwisho,” alisema. “Ule mutu ameacha mpira.”

Nilisafiri na jambo hilo kifuani njia nzima. Nilijua kwamba Jumapili inayokuja Wamaza inacheza na timu ya Kabambare, iliyotufunga mwaka jana kwa goli la aibu, mpira umempita mjomba katikati ya miguu. Mwaka mzima alikuwa akiizungumzia mechi hiyo kwenye simu. Leo ilikuwa Ijumaa. Akiiona video leo, kiapo kinamtoa uwanjani kesho kutwa.

Kwenye daraja la magogo hakuwepo mjomba. Ilikuwepo timu nzima. Kapteni, fundi baiskeli mwenye kifua kama pipa, alishika usukani wa pikipiki yetu.

“Dada, tunajua,” alisema. “Tulisoma kule juu kilima. Yeye tu ndiye hajui.”

“Mumenyamaza muda wote huu?”

“Sheria ni sheria. Sasa ile flashi uifiche mpaka Jumatatu. Sema umesahau. Sema maji iliingia.”

“Amuambie nani maji iliingia?” Sauti ilitoka nyuma yao. Alikuwa mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita Mama Wamaza, amebeba majani ya mihogo kwenye kikapu. “Nyie munakanda ile goti? Nani kati yenu amewahi kuikanda? Miye ndiye ninaamka na ile goti, ninalala na ile goti. Video ikifika inaonyeshwa siku ileile. Ni sheria, ama sheria iko ya kumusaidia bwana yangu tu?”

Kapteni aliachia usukani. Nilimpenda mjomba akiwa na mpira, na nilimpenda Mama Wamaza, ambaye usiku wake ulikuwa wa kuchemsha maji. Tulikuwa tumesimama hivyo, kila mtu anamtazama mwenzake, mjomba alipotokea kwenye njia ya shamba, anachechemea kwa furaha, mkono amekwisha kuunyoosha.

“Mama, umeleta?”

Kiganja kile kilikuwa wazi mbele yangu, kimejaa udongo. Nikaiweka flashi juu yake.

“Uso wako unataka kusema kitu,” alisema.

“Mjomba…”

“Usiseme! Funga kinywa!” Na akaenda mwenyewe kutafuta mafuta ya jenereta.

Alasiri nyumba ya sinema ilijaa hadi mlangoni. Nilisimama mahali pangu, kando ya televisheni. Kule mvua ilikuwa ikinyesha, na Mhispania wetu alikuwa amevaa kitambaa cha unahodha. Alitembea, alitazama nyuma, alitoa pasi. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hapo mjomba akaanza kunusa kwamba kuna jambo.

Kipindi cha pili kikaenda nusu yake. Pembeni mwa uwanja ubao uliinuliwa, namba nane inawaka nyekundu. Mechi ikasimama. Wachezaji wa timu zote mbili walijipanga mistari miwili, naye akapita katikati, anapigiwa makofi, anapangusa macho kwa mkono wa fulana. Mtangazaji wa Kihispania alikuwa akisema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Mjomba hakuondoa macho kwenye televisheni.

“Mama. Anasema nini?”

“Anasema ile mbuzi imepona kabisa. Imekula majani yote ya nyuma ya nyumba.”

Watu walicheka, na nikaona wengine wanafuta machozi.

“Na kisha?”

“Na kisha anasema ameacha.”

Jenereta liliendelea kunguruma. Mjomba alilisugua goti lake, halafu akavua kofia na kuipigia makofi televisheni, taratibu, na nyumba nzima ikamfuata. Alipomaliza alisimama.

“Miye niliapa,” alisema. “Jumapili mutafute mutu mwingine.”

Kapteni aliinamisha kichwa. Mama Wamaza hakushangilia kama nilivyotazamia. Aliutazama mgongo wa mumewe, ile namba iliyofifia kwenye fulana, na akabaki na kikapu chake magotini. Ndipo kutoka kwenye kona ikasikika sauti ya mzee wa karanga, sasa mzee kweli, meno hana.

“Ngoja kwanza. Huyu Mhispania, hapa kwetu, alivunjika kwanza ao alipona kwanza?”

“Alipona kwanza!” watu wakajibu.

“Ndipo akavunjika?”

“Ndipo akavunjika!”

“Basi huyu wetu ameacha leo. Ameacha, tumeona wote, hakuna ubishi. Nani anamukataza kuacha kwanza, ndipo acheze?”

Kelele zilizolipuka zilitikisa turubai. Kapteni alimkumbatia mzee, karanga zikamwagika. Mjomba alijaribu kukunja uso kama mtu wa heshima anayelinda kiapo, lakini ndevu zilimsaliti, zilikuwa zinacheka zenyewe. Kila mtu akageuka kumtazama Mama Wamaza, kwa sababu goti lilikuwa lake.

Alijizuia kidogo. Kisha akacheka, mkono mdomoni, mpaka kikapu kikaanguka.

“Atacheza,” alisema. “Lakini dakika ile walimutoa ule, na huyu anatoka. Miye mwenyewe nitamutoa.”

Jumapili, baada ya misa, alikuja uwanjani na mfuniko wa sufuria kubwa ya harusi, umeandikwa nane kwa chaki, na simu yangu mkononi imewashwa saa. Alisimama kwenye mstari bila kukaa. Mimi nilipewa kiti juu ya meza na nikaambiwa nitangaze, na nilitangaza kama zamani. Nikawaambia watu kwamba kiungo wa Wamaza ameamka asubuhi, amekula mihogo na karanga amesimama, kwa sababu mkewe alikuwa anamfukuza.

“Uongo!” Mama Wamaza alipaza sauti. “Alikula amekaa!”

Wale wa Kabambare walikuwa vijana, wana mapafu, na kipindi cha kwanza walitukimbiza kama mbuzi waliofunguliwa. Mjomba hakukimbia. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Katikati ya kipindi cha pili mpira ulimfikia akiwa amewapa mgongo, vijana wawili wanamjia, na wale waliomfunga mwaka jana wakaanza kucheka mapema. Aliugusa tu, kwa mguu wa kushoto, nyuma ya kisigino, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa anatazama ila yeye. Kapteni alikuwepo pale, peke yake, na mbele yake nyasi tupu. Sitasahau jinsi uwanja ulivyofunguka. Nilipiga kelele kwa Kihispania, kile chetu, ambacho nilikitunga nikiwa na sare za shule, na watu wote wakanijibu.

Mjomba alikuwa bado ameinua mikono wakati mfuniko ulipoinuliwa.

Jua liliupiga ukameta. Kila mtu aliuona. Mjomba alikuwa ameupa mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpira, hakugeuza shingo. Alisogea mbele. Alifunga kamba ya kiatu. Aliwaonyesha kidole vijana, akawapanga, akakohoa, macho mbele kama nguzo.

“Tazama nyuma!” Mama Wamaza alimwita.

Wapi.

“Tazama nyuma!” wanawake wakadakia, wale waliomwona zamani akigeuza shingo, mikono mitupu. Kisha timu yake. Kisha watoto, wazee, mpaka wachuuzi wa ndizi, na mwisho timu ya Kabambare yenyewe, wanapiga makofi kwa mdundo: “Tazama nyuma! Tazama nyuma!”

Mabega yake yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akatazama bega la kulia, akatazama la kushoto, upesi, kama kuku anayekunywa maji, na akageuka.

Hakuna aliyewaambia wale wa Kabambare wapange mistari. Walipanga, na timu yetu nayo. Akapita katikati, anachechemea, anagusa kila mkono ulionyooshwa, wa rafiki na wa mpinzani, na mwisho wa mistari hiyo alimkuta mkewe ameshika mfuniko kwa mkono mmoja na chupa ya maji ya moto kwa mwingine. Alikaa kwenye benchi. Mama Wamaza alipiga goti chini, akaikunja suruali ya mumewe, akaanza kukanda hapohapo mbele ya umati, wote wawili wanacheka kama wachumba. Mechi iliendelea.

“Usiache, mama,” mjomba aliniambia, macho uwanjani. “Tangaza. Mbuzi iko namna gani?”

Nikatangaza mpaka filimbi ya mwisho. Kijana mmoja alikuwa anapiga video na simu, na nimeahidiwa kwamba flashi itapita Kasongo na kufika Nyangwe, kwa mama yangu mkubwa, mtoni, mvua zikiruhusu. Kwa hiyo matokeo siyaandiki hapa. Madumu ya Nyangwe ni makubwa, na kupanda kutoka mtoni ni mlima.